Muulize Mjomba: Majina 140, Watu Tisa

*Mjomba, shikamoo. Mimi ni mwenyekiti wa klabu ya mazingira chuoni kwetu. Wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza tuliweka meza, spika na soda baridi, wakajiandikisha 140. Kikao cha kwanza wamekuja tisa, na wawili kati yao walikuwa wanatafuta kwaya. Mweka hazina anasema mwakani tuongeze tisheti. Tufanyeje? Mwenyekiti wa Viti, Morogoro.*

Marahaba, mpwa wangu. Hao 140 hawajakukimbia, maana hawakuwahi kuja kwako. Walifuata soda, soda ikaisha, hesabu ikafungwa. Tisheti itafanya kazi ileile kwa bei kubwa zaidi: mtu ataivaa Jumamosi akifua, huku kikao chenu kikiendelea bila yeye. Mwanafunzi hajiungi na chama, hujiunga na kazi. Akikuta kazi inamsubiri, atarudi kesho kuimalizia. Akikuta ajenda yenye utambulisho, neno la mwenyekiti na mengineyo, atachezea simu mpaka hayo mengineyo.

Watazame wanafunzi wa Mlimani, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960. USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Kiafrika, ulianza mwaka 1967, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti. Haukuwa na umati. Wengi pale chuoni walikuwa na mambo yao, kama hao wa kwenu. Lakini ulikuwa na shughuli. Kulikuwa na madarasa ya itikadi kila Jumapili, na mwaka 1968 kundi dogo lilikwenda hadi maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 1969 likazaliwa jarida la Cheche. Sasa, jarida la stensili halitengenezwi na watu waliokunja mikono: huyu anaandika, yule anapiga taipu kwenye karatasi ya nta, mwingine anazungusha mashine wino ukimpanda viganjani, wengine wanapanga kurasa, wanapiga pini, wanauza. Hata mgeni asiyemjua Marx anaweza kupanga kurasa, na akishika ukurasa wa saba mara hamsini, ipo siku atausoma. Serikali iliupiga marufuku umoja huo Novemba 1970, na sidhani kama kilichoitisha ni urefu wa daftari la majina.

Utaniambia ule ulikuwa wakati wa ukombozi, na leo mwanafunzi anawaza bumu ambalo halijaingia. Ni kweli, wala simlaumu. Ila huyohuyo asiye na bumu anahudhuria mazoezi ya kwaya juma zima, kwa sababu sauti ya pili ikikosekana wimbo unapwaya na watu wanageuka kumtafuta. Kwenu akikosekana nani anageuka? Utasema pia ofisi ya mshauri wa wanafunzi inataka idadi. Ipelekee daftari, majina si unayo? Hoja ngumu ni moja tu: wageni wataharibu kazi. Wataharibu, ndiyo. Lakini hapo ndipo pana ugonjwa wenyewe, kwani mna mwenyekiti, makamu, katibu, naibu katibu na katibu mwenezi, na kila kazi yenye utamu imeshikwa na hao watano. Mgeni amebakiziwa kupiga makofi, na kwa makofi peke yake hakuna anayekatiza usingizi wa Jumamosi.

Basi chukua mizani, magunia na daftari jipya, mkapime taka za hosteli moja tu, saa moja na nusu, kisha matokeo yabandikwe mlangoni pa hosteli hiyo. Wale saba waliobaki uwape kazi kwa majina: wewe shika mizani, wewe andika, wewe kamuone mlinzi mapema atufungulie geti la nyuma. Katibu mwenezi na abebe magunia. Na wale wawili wa kwaya, waulize mazoezi yao yanaanza saa ngapi, usije ukapanga muda huohuo.