Mwenye Nyundo

Huko Minnesota, alikozindua Ralph Samuelson mchezo wa kuteleza juu ya maji mwaka 1922, maziwa ni mengi na mawe hayajapungua. Ndiyo maana kila kiangazi hakosekani bwana mwenye boti ya bei ya nyumba, anayerudi gatini huku usukani ukimtetemesha mpaka meno. Ukimwuliza, atakwambia jiwe ndilo lililomgonga.

Rafadha yake ya shaba imekunjwa ncha. Kuitoa kunataka pula, kifaa cha kuivutia nje, kwa kuwa imekaza kwenye shafti iliyochongoka. Tena nati hulegezwa tu, haivuliwi, ili rafadha ikifyatuka isimrukie mtu. Bwana haoni sababu ya kuazima pula. Nyundo anayo. Anagonga, jirani naye, bia mkononi, anamsihi aongeze nguvu kidogo. Kufika adhuhuri shafti iliyoamka imenyooka nayo imepinda, na bili iliyokuwa ya rafadha moja imezaa watoto.

Sasa anamlaumu aliyeunda boti.

Mabwana wa boti, tafadhalini: kama ni lazima mgonge kitu, gongeni mlango wa fundi.