Jinsi ya Kushinda Mashindano ya Jazi ya Dunia Ukitokea Nyakahura

Mwongozo huu ni wa kijana wa Nyakahura, pale njiani baina ya Lusahunga na Rusumo, anayetaka kupanda jukwaani mbele ya majaji wakubwa wa jazi. Mashindano yenyewe yapo. Yalianza Marekani mwaka 1987, chini ya taasisi iliyobeba jina la mpiga piano Thelonious Monk. Tangu 2019 taasisi hiyo inaitwa kwa jina la mpiga piano mwingine, Herbie Hancock. Kila yanapoitishwa huchaguliwa ala moja: mara piano, mara saksafoni, mara tarumbeta, mara sauti ya mtu. Umri wa mwisho ni miaka 30. Hakuna kifungu kinachomkataza mtu wa wilaya ya Biharamulo, kwa hiyo tuanze.

Kabla ya noti ya kwanza, malizana na wale watakaokuambia jazi si mambo yetu. Wajibu kwa tarehe. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Morogoro Jazz ilifuata mwaka 1944. Zikaja Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, Nuta Jazz, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo, Franco na wenzake wakaanzisha OK Jazz mwaka 1956. Ni kweli kwamba muziki wao ulikuwa dansi na rumba kuliko ile jazi ya New Orleans. Lakini jina walilichukua bila kumwomba mtu ruhusa, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ikafika nalo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Na hao waliouzaa muziki huu kule Marekani walikuwa wajukuu wa watu waliochukuliwa Afrika kwa nguvu. Mzee akiendelea kubisha, muulize kwa heshima siku ya harusi yake walicheza muziki wa nani.

Sasa tafuta ala. Hapa ndipo safari nyingi hufia, na hapa wakubwa wa kijiji wanahitajika kuliko kijana mwenyewe. Padri Trevor Huddleston, ambaye tunamjua kama askofu wa Masasi wa kuanzia 1960 hadi 1968, kabla ya hapo alikuwa Johannesburg, na shuleni kwake kulikuwa na mvulana msumbufu kupindukia. Padri alimuuliza anataka nini hasa maishani. Mvulana akasema akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Padri akamtafutia. Mvulana huyo alikuwa Hugh Masekela, aliyekuja kuwa mpiga tarumbeta mashuhuri, na baadaye gwiji wa tarumbeta Louis Armstrong mwenyewe alituma tarumbeta kutoka Marekani kwa bendi ya vijana wa shule ile. Mchungaji, padri, shehe na mwenyekiti wa kitongoji wa Nyakahura, mtoto msumbufu mnaye. Muulizeni anataka nini.

Ukipata tarumbeta ya mtumba, bonyeza vibonyezo vyake vitatu, kimoja kimoja, haraka haraka. Kinachoshuka na kukataa kupanda kifungue taratibu, kitoe, kifute kwa kitambaa laini, kitie mafuta yake maalumu, kirudishe upande uleule kilikotoka. Mafuta ya kupikia usiyasogeze hapo, yataganda. Baada ya kupiga, mwaga mate yote. Ni ala ya pumzi, haina haja ya umeme wala vocha, na ikitunzwa inawazika wapigaji watatu.

Kama umeangukia gitaa, nyuzi ndizo zitakazokutesa. Lionel Loueke wa Benin, alipokuwa kijana, alizilowesha nyuzi zake kwenye siki ili zisafike, zikikatika akazifunga mafundo, na zilipokwisha kabisa akafunga waya wa breki ya baiskeli. Waya ule ulipinda shingo ya gitaa, kwa hiyo hapo usimwige. Mwige katika mengine. Mwaka 2001 alifanyiwa usaili wa kusoma kwenye taasisi hiihii ya Monk, Herbie Hancock akiwa miongoni mwa wasikilizaji, na hatimaye Hancock akamchukua kwenye bendi yake.

Somo la kwanza ni bluzi, na mwalimu wake unaye tayari: ni mwalimu wa kwaya. Mwanakwaya aliyesoma do-re-mi ubaoni amekwisha kuvuka nusu ya njia. Hesabu moja mpaka nne, mara kumi na mbili. Hesabu nne za kwanza, besi ikae kwenye do. Mbili zinazofuata ihamie fa. Mbili irudi do. Moja iende so, moja fa, na mbili za mwisho irudi nyumbani kwenye do, halafu mnaanza upya. Hiyo ndiyo nyumba nzima ya bluzi. Waambie wenzako wa sauti ya nne waishike besi hiyo bila kuiachia, wa sauti ya pili na ya tatu waitikie, na wewe uimbe juu yake chochote kinachokujia, kila mzunguko kitu kipya. Mara ya kwanza utaishiwa maneno kwenye mzunguko wa pili. Endelea. Siku utakayofika mzunguko wa kumi bila kujirudia, na bado wenzako wanataka kuendelea, umeanza kupiga solo.

Ndani ya kila moja-mpaka-nne, makofi yapigwe kwenye pigo la pili na la nne. Mkipiga kwenye la kwanza na la tatu, mtasikika kama gwaride la Mwenge. Halafu ligawe kila pigo katika vipande vitatu, uviunganishe viwili vya kwanza, cha tatu ukiache peke yake: kirefu, kifupi, kirefu, kifupi. Wamarekani wanalipia ada ya chuo ili kulipata hilo. Wewe umezaliwa jirani na Burundi, kwenye ngoma ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na mgawanyo huo wa tatu unao miguuni tangu ubebwe mgongoni. Kazi yako ni kuutoa miguuni kuupeleka kwenye vidole.

Usiyapuuze malori. Yanayopita Nyakahura kwenda Rusumo na Kabanga yana madereva na matingo wa nchi kadhaa, kila mmoja na nyimbo zake. Lori linaposimama kwa chai, salimia, omba kusikia wimbo mmoja, urudi nao nyumbani kichwani na kuutafuta kwenye ala mpaka uupate. Wakongwe wa jazi walijifunza kwa sikio namna hiyohiyo, sindano ya santuri ikirudishwa nyuma mara nyingi kwa ajili ya noti nne tu.

Wazazi watataka kujua kuhusu shule, na wana haki. Waambie habari za Joshua Redman. Alihitimu Harvard, akapata nafasi ya kusomea sheria Yale, akaahirisha kidogo ili apige saksafoni, na mwaka huohuo wa 1991 akashinda mashindano haya. Kitabu hakikumzuia. Kwa hiyo mzazi ampe mtoto saa mbili kwa siku baada ya shule, na darasa tupu au kanisa siku za kazi. Na ninaposema mtoto namaanisha binti pia. Saa mbili hizo ndizo anazotumwa maji na kuni wakati kaka yake anapuliza. Gawaneni ndoo. Mwaka 2013 huko Washington mshindi alikuwa Melissa Aldana wa Chile, mwenye miaka 24, mwanamke wa kwanza kushinda kwa ala. Aliondoka na dola 25,000 za masomo na mkataba wa kurekodi. Mwanamume aliyekuwa anadhani saksafoni ni nzito kwa binti ana muda wa kutosha kubadili mawazo kabla mwanawe hajamaliza darasa la saba.

Utakapochagua nyimbo, usiende na za New York peke yake. Hizo majaji wamezisikia tangu hujazaliwa. Tigran Hamasyan alitoka Gyumri, Armenia, akashinda kwenye piano mwaka 2006 akiwa na miaka 19, na nyimbo za wazee wa kwao anazibeba ndani ya jazi yake mpaka leo. Wewe una nanga, ile ala ya nyuzi. Kaa na mzee anayeipiga huku Kagera, au vuka ukamsikilize wa inanga Burundi, uone anavyosimulia kwa sauti ya chini huku vidole vikirudia kitu kilekile na kukigeuza kidogo kila mara. Kipeleke hicho kwenye tarumbeta. Huyo mzee hatakaa milele, kwa hiyo nenda wiki hii.

Rekodi ndiyo itakayokutangulia, maana waombaji husikilizwa kwanza kwa rekodi. Simu nzuri inatosha kwa majaribio, ila usirekodi wakati wa mvua chini ya bati. Wakati huohuo shughulikia makaratasi, na hapa ninakusihi: anza na cheti cha kuzaliwa, kisha kitambulisho cha taifa, kisha pasipoti ya Uhamiaji, kisha viza ya Marekani, ambayo ubalozi wake uko Dar es Salaam, upande wa pili wa nchi. Wapo wanamuziki wetu waliokwisha kuwa tayari wakakwama kwenye karatasi moja. Mtoto anayeanza kupuliza leo apelekwe leo RITA, wanaotoa cheti cha kuzaliwa.

Kila tarehe 30 Aprili, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2011 kuwa Siku ya Kimataifa ya Jazi, fanyeni mashindano yenu Nyakahura. Kesho yake ni Mei Mosi, hakuna anayewahi kazini. Majaji wawe mwalimu wa kwaya, mpiga ngoma na dereva mmoja wa lori aliyelala hapo kijijini.

Jukwaani utapewa wapigaji wa piano, besi na dramu ambao hujawahi kupiga nao. Wasalimie. Waambie wimbo, waambie ufunguo, hesabu mpaka nne kwa kasi unayoitaka kweli, si kasi ya woga. Kisha wasikilize kuliko unavyojisikiliza, kwa sababu majaji wanapima hilo pia: mpiga piano akikutupia wazo, lidake, lirudishe limebadilika.

Na usipochukua nafasi ya kwanza? Mwaka ule wa Redman, 1991, miongoni mwa waliofika nusu fainali alikuwemo Marcos Aldana wa Chile. Hakushinda. Alirudi Santiago akamfundisha saksafoni binti yake, Melissa, tangu akiwa na miaka sita, na saksafoni ya kwanza aina ya tena aliyoipiga binti huyo ilikuwa ya babu yake. Wewe nawe ukirudi, ala usiifungie kabatini. Jumamosi saa nne asubuhi waite wadogo zako kanisani au darasani, uwapange sauti nne, uwape do, fa, so.