Hongera, Sony

Wanaosema Sony Pictures waliogopa mwaka 2014 hawajui busara. Wadukuzi wasioonyesha sura walitishia kumbi za sinema, nao Sony wakaifungia kabatini The Interview, vichekesho kuhusu njama ya kumuua kiongozi wa Korea Kaskazini, Kim Jong Un. Serikali ya Marekani ilisema haijaona dalili ya kuaminika ya shambulio. Sasa ya nini kungoja dalili? Mwenye nyumba muungwana humkabidhi mwizi funguo kabla hajapigiwa hodi. Paramount nao, wasije wakapitwa, wakazuia kumbi zisionyeshe badala yake filamu yao ya mwaka 2004 inayomcheka babake Kim. Filamu ya wanasesere! Maskini Charlie Chaplin: alimkejeli Hitler mwaka 1940 bila washauri wa namna hii. Hatimaye Sony wakaiachia The Interview Krismasi ya mwaka uleule wa 2014, na hakuna ukumbi uliolipuliwa. Uzembe mtupu.