Ua Halina Miguu, Wewe Unayo: Mwongozo wa Kuzuru Bustani ya Kew

Kila mwaka, Aprili ikielekea ukingoni, treni zinazosimama kituo cha Kew Gardens, magharibi mwa London, hushusha watu wa kila namna. Yupo aliyevaa viatu vya harusi. Yupo aliyebeba stendi ya kamera, taa, na nguo tatu za kubadilisha. Yupo baba anayetangulia hatua kumi mbele ya familia yake, anataka bustani iishe kabla mpira haujaanza saa tisa. Wote wamekuja kuona maua, na wengi wao watarudi nyumbani wakiwa wameona simu zao.

Bustani hiyo naipenda, ndiyo maana nawaandikia mwongozo huu. Nitawacheka humu ndani, lakini nitawacheka kama shangazi anavyomcheka mpwa aliyekuja harusini na ndala: anacheka huku anamtafutia viatu.

Kwanza mjue mnakwenda kwa nani. Bustani ya mimea ya Kew ilianzishwa mwaka 1759 na Augusta, mama wa aliyekuja kuwa Mfalme George III. Mwaka 1840 ikakabidhiwa kwa taifa, na mwaka 2003 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Pagoda yake ya ghorofa kumi ilijengwa mwaka 1762, na ipo miti ya umri huohuo ambayo kila majira ya machipuko hutoa majani mapya. Nyumba ya mzee wa umri huo huingii kwa kukimbia. Unabisha hodi, unavua haraka zako mlangoni.

1. Ua halisomi kalenda yako

Mgeni wa kwanza wa kuchekesha ni yule anayekata tiketi mwezi Desemba, akafika siku aliyojichagulia, kisha akamkabili mtunza bustani kwa hasira: "Maua yako wapi?" Ndugu yangu, ua halikukuahidi kitu. Anayekwenda Muheza nje ya msimu hamlaumu mchungwa.

Kila ua lina zamu yake. Krokasi hutandaza zambarau na nyeupe juu ya nyasi Februari na Machi. Machi hiyohiyo magnolia hufungua vikombe vyake kwenye matawi yasiyo na jani hata moja, na dafodili za manjano husimama kandokando ya njia. Aprili ni ya cheri, na cheri haina subira: usiku mmoja wa upepo mkali hukuachia petali chini na matawi mikono mitupu. Bluubeli, ua dogo la samawati iliyoiva lenye umbo la kengele, hujaza vichaka mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei.

Zamu hizi hupangwa na joto. Likiwahi, maua yanawahi. Baridi ikikaa, nayo yanakaa ndani. Basi fika ukiwa tayari kupokea ua lililo zamuni siku hiyo. Mwenye kulilia cheri iliyopukutika hupita mbele ya bluubeli asizione.

2. Vaa viatu vya kutembelea

Kew ina zaidi ya ekari 300. Anayeingia na visigino virefu hufika nusu ya bustani akiwa ameshikilia viatu mkononi, na nyuma yake ameacha nyasi zimetobolewa matundu. Vaa viatu vya chini vyenye soli nzuri. Chukua sweta na koti la mvua hata kama asubuhi jua limekuchekea, maana Aprili ya London inaweza kukupa jua, manyunyu na mvua ya mawe kabla hujamaliza chai yako.

3. Pita njiani

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo pendo la maua linapogeuka msiba wa maua.

Upande wa kusini-magharibi wa Kew kuna nyumba ndogo ya Malkia Charlotte. Mwaka 1898 Malkia Victoria alilikabidhi eneo hilo kwa sharti kwamba liachwe katika hali yake ya asili. Sharti lile ndilo lililozihifadhi bluubeli za pale. Ukifika wakati wake, ardhi chini ya miti yote ni samawati, utadhani bahari ya Pemba imepanda msituni ikakaa.

Sasa mtazame mgeni wetu. Ameiona njia, ameona pia kamba iliyowekwa pembeni. Anairuka kamba, anasonga hatua sita ndani, anajilaza chali katikati ya maua na kufumba macho kama malaika, huku mwenzake akipiga picha arobaini. Huyo hakuja kuyaona maua. Amekuja ili maua yamwone yeye. Wakiondoka hubaki umbo la mtu pale chini, kama mkeka uliokunjuliwa. Kesho mwingine ataona pamekwisha kulalwa, naye atalala hapohapo. Baada ya wiki mbili pana uchochoro.

Mwenye kulala hajui kwamba bluubeli huishi kwa kitunguu kilichomo ardhini. Kitunguu hicho kina majuma machache tu ya kujilisha, kuanzia majani yanapotokeza hadi miti ya juu inapofunika anga kwa majani yake na kuzuia mwanga. Majani ya bluubeli yakipondwa katika majuma hayo, kitunguu hulala njaa mwaka mzima, na ua lake hudhoofika kwa miaka. Mbegu ikianguka leo huchukua miaka isiyopungua mitano kabla ya kutoa ua. Picha yako moja inalipiwa na miaka mitano ya ua.

Na picha nzuri haihitaji kulala. Chuchumaa ukingoni mwa njia, shusha simu hadi usawa wa maua, elekeza mbele kwa mshazari. Maua yatajazana kwenye picha, na mwenzako aliye njiani atatokea amesimama katikati yake bila kukanyaga hata moja. Waliobobea hufanya hivyo.

4. Kamwamkie Mwaloni wa Turner

Yupo atakayeniambia: "Mwandishi, unatukuzia mambo. Mimi nina kilo sitini tu, hatua zangu zitaua nini?" Huyo namtuma moja kwa moja kwenye mwaloni mmoja mkubwa uliopandwa Kew mwaka 1798, unaoitwa kwa jina la Turner, mkuza miche wa karne ya 18.

Kufikia miaka ya 1980 mwaloni ule ulikuwa unafifia, na watunzaji wake walikuwa na wasiwasi juu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987, tufani kubwa ilipiga kusini mwa Uingereza. Kew peke yake ilipoteza miti ipatayo 700. Mwaloni wa Turner upepo uliunyanyua, mizizi na udongo wake, kisha ukaurudisha palepale. Watunzaji waliuegemeza, wakaenda kushughulikia maiti za miti mingine, wakiamini huo nao utakatwa zamu yake ikifika.

Miaka mitatu ikapita kabla ya kuurudia. Waliukuta umejaa majani, una nguvu kuliko ulivyokuwa kabla ya tufani. Wakatafuta sababu, wakaiona: kwa miaka mingi wageni walikuwa wakikanyaga chini ya kivuli chake, udongo ukashindiliwa mpaka hewa na maji vikakosa njia ya kuifikia mizizi. Mti ulikuwa unakabwa na nyayo za watu wanaoupenda. Tufani iliponyanyua mizizi ile, iliulegeza udongo, na mti ukavuta pumzi. Tangu hapo watunzaji wa Kew hupuliza hewa ya mgandamizo ardhini kuzunguka mizizi ya miti mikongwe na kuweka matandazo chini yake, na somo hilo limeenea kwa watunza miti wa nchi nyingine.

Kwa hiyo, ewe mwenye kilo sitini, wewe si peke yako. Nyuma yako kuna elfu moja wenye kilo sitini, na kila mmoja anasema maneno yako.

5. Soma kibao

Nilimpeleka shangazi yangu katika Nyumba ya Mitende, ile nyumba kubwa ya vioo iliyokamilika mwaka 1848. Akasimama mbele ya mgomba, akashika kiuno.

"Mwanangu, umenikatia tiketi nije kutazama mgomba?"

"Shangazi, shikamoo ya leo ni kwa mzee aliye upande ule. Njoo."

Nikampeleka kwa mmea wa jamii ya mtapo, ndani ya sanduku lake. Mkusanyaji mimea Francis Masson aliuleta mwaka 1775 kutoka Afrika ya Kusini, na unahesabiwa kuwa miongoni mwa mimea mikongwe kabisa ya chunguni duniani. Shina lake limelala kwa uzito wa miaka. Shangazi alikisoma kibao mara mbili, kisha akasema polepole, "Miaka yote hiyo ugenini." Hakuuliza tena habari ya mgomba.

Nawatania wale wanaozipita nyumba hizi wakisema "haya tunayo porini," kwa sababu hawajui wanachojivunia. Wataalamu wa Kew na wenzao wa nchi nyingi walitumia zaidi ya miaka 60 kuandika orodha kamili ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kazi ilimalizika mwaka 2012, ikiwa na zaidi ya spishi 12,000. Umo humo mmea mdogo wa maua ya zambarau kutoka milima ya Usambara. Ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alituma mbegu zake Ulaya, na mwaka 1893 ukapewa jina la kisayansi kutokana na jina lake. Leo unapamba madirisha dunia nzima, na Wajerumani bado wanaliita ua hilo kwa jina la Usambara. Huku nyumbani, misitu unakoota inazidi kupungua.

Historia ya Kew ina uchungu wake pia. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alizitoa Brazili mbegu zipatazo 70,000 za mti wa mpira na kuzifikisha Kew. Miche yake ikapelekwa Asia kuwatajirisha wenye mashamba wa dola ya Kiingereza. Bustani nzuri inaweza kuwa na deni, na mgeni mwenye akili huliona deni bila kuacha kuliona ua. Kama kibao kimekutia fahari ya kwetu, ipeleke fahari hiyo Amani, wilayani Muheza, ambako bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1902 na bado inahitaji wageni.

6. Macho na pua vinatosha

Kuna mchezo wa kutikisa tawi la cheri ili petali zimwagike kama theluji mbele ya kamera. Video hudumu sekunde kumi. Wageni mia waliopanga foleni nyuma yako wamebakiwa na fimbo. Usitikise, usichume, usitie mbegu mfukoni. Mmea unaovushwa mipaka bila ukaguzi huweza kubeba wadudu na maradhi hadi shambani kwa mtu asiyejua hata kwamba ulisafiri.

7. Keti

Baba wa saa tisa, hili ni lako. Tafuta benchi, mpe mtoto chapati, zima simu. Baada ya robo saa utasikia nyuki, utamwona ndege akiokota majani ya kiota, na mwanao atakuuliza swali ambalo hajawahi kukuuliza. Jibu. Mpira utachezwa tena Jumamosi ijayo, lakini cheri ya mwaka huu haina mechi ya marudiano.

Kisha okota karatasi ya chapati, simama, uangalie nyuma kabla ya kuondoka. Ukiona nyayo zako kwenye majani, umekosea, na mwakani rekebisha. Usipoziona, umekuwa mgeni mwema. Mwaloni wa Turner ulipata tufani ya kuukomboa na miguu yetu. Bluubeli hazina tufani ya kuzisaidia. Zina wewe tu, na njia imekwisha kuchongwa. Pita humo.