Sifa za Ukata, Mlezi wa Wakusanya Sarafu

Kila chama chenye heshima zake kina mlezi. Timu ya mtaa inaye, kwaya inaye, hata kikundi cha kufa na kuzikana kinaye, na kwa kawaida huwa ni mtu mwenye kitambi na gari, anayefika baada ya wageni wote na kuahidi jezi. Sisi tunaokusanya sarafu bila fedha hatujawahi kumpata wa aina hiyo. Mwenye nazo akisikia kwamba tunakusanya fedha, hudhani ni mbinu mpya ya kuchangisha harusi. Kwa hiyo natoa hoja, na naomba nisikilizwe hadi mwisho: mlezi wetu awe Ukata. Hajawahi kukosa kikao. Hata siku ya mshahara hutoka nje kidogo tu, akarudi kabla chai haijapoa.

Najua atapingwa. Wahenga walimsengenya zamani waliposema mkono mtupu haulambwi, na vijana wa leo wakibanwa hulalamika kwamba vyuma vimekaza. Malalamiko ya ajabu! Kwa mkusanya sarafu vyuma ndiyo mali yenyewe, na vikikaza maana yake havitoki koponi.

Mtazameni kwanza mkusanyaji asiyemjua Ukata. Anasikia kwamba mwaka 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi, tulipata sarafu nne: senti tano yenye samaki sulisuli, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, na shilingi yenye mwenge. Anapiga simu. Jioni analetewa zote nne, hazijaguswa na jasho la mtu, zimelazwa ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha mahameli. Anazitazama, anafunga, anaweka kabatini. Mwezi unaofuata kahamia kwenye saa za mkononi. Masikini wa Mungu! Uraibu wote umeisha kwa muamala mmoja.

Mfuasi wa Ukata hachoki upesi hivyo, maana hafiki upesi hivyo. Sungura anampata kwenye droo ya cherehani, mwenge anaupata baada ya kumsaidia jirani kuhama nyumba. Sulisuli wangu nilimkuta ndani ya kopo la vifungo la mama mkwe, na nilimwomba kwa unyenyekevu mkubwa, kwa sababu mkwe kuomba senti tano ni jambo linaloweza kufasiriwa vibaya ukoo mzima. Ninaye mpaka leo. Rangi yake imekuwa ya kahawa iliyochemka mno. Ana pembe kumi na mbili, ila tatu zimelika mpaka zimekuwa duara, na pezi lake la mgongoni bado limetwekwa. Upande wa pili shavu la Mwalimu limesuguliwa na vidole vya watu hadi limekuwa laini. Sikio ndilo lililobaki na ukali wake, na nadhani linastahili, kwa yote liliyoyasikia sokoni. Kwa madaraja ya wataalamu, sarafu hii iko chini kabisa. Zingehitajika 10,000 za namna yake kulipa kile ambacho leo hulipwa kwa jero moja yenye nyati, ile iliyoingia mitaani mwaka 2014 baada ya noti ya mia tano kuchakaa mno mikononi mwetu.

Sasa nije kwenye jambo kubwa zaidi alilotutendea mlezi wetu. Naomba wenye fedha wasogee karibu, linawahusu.

Januari 2020 kiwanda cha sarafu cha Uingereza kilitangaza kwamba mtu mmoja amelipa pauni milioni moja kwa sarafu moja ya dhahabu. Sababu ya bei hiyo ni mfalme aliyechorwa juu yake, Edward VIII, ambaye alitawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936, kisha akajiuzulu ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyekwisha kuachika mara mbili. Alikaa kwenye kiti muda mfupi kiasi kwamba sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa wananchi wake. Zilizotengenezwa zilikuwa za majaribio, chache mno. Tena ilikuwa imechukua muda kukubaliana, kwa maana desturi ilitaka kila mfalme mpya ageukie upande tofauti na aliyemtangulia, naye Edward aling'ang'ania upande uleule wa baba yake, akiamini kwamba shavu la kushoto ndilo linalompendeza.

Wakati mfalme anabishania shavu, huku kwetu mambo yalikuwa yanakwenda. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilihitaji senti tano na senti kumi kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar nayo, iliyokuwa ndiyo kwanza inaachana na rupia mwaka huohuo. Sarafu hizo zilikuwa na tundu katikati. Penye tundu hapakai kichwa, na pasipo kichwa hapana ugomvi wa mashavu. Paliandikwa jina tu, EDWARDVS VIII, na upande wa pili, kandokando ya tundu, pembe za ndovu zilizopinda. Viwanda vikafyatua mamilioni. Kwa hiyo yule mfalme ambaye Mwingereza wa kawaida hakuwahi kumtia mfukoni alizunguka Kariakoo, Kisumu na Mbale, akanunua chumvi na viberiti, akatungwa kwenye uzi na watu ambao nguo zao hazikuwa na mifuko. Hata alipokwisha kuondoka kwenye kiti aliendelea kununua viberiti.

Ninayo moja. Aliniuzia fundi baiskeli aliyekuwa akiitumia kama washa, kwa bei ya chapati mbili na chai, na alinicheka nilipokuwa nahesabu. Ukiitazama kwa karibu unaona michirizi ya nati kuzunguka tundu. Chini kuna herufi H, alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Nyingine zina KN, za kiwanda jirani cha King's Norton. Zilizotoka London hazina herufi. Hiyo ina maana kwamba mtu wa chapati mbili ana kazi ya miaka mbele yake: senti tano za aina tatu, senti kumi za aina tatu, mfalme mmoja. Yule wa pauni milioni anayo moja tu, na nina hakika haitoi nje mvua ikinyesha.

Isidhaniwe kwamba Ukata hulea wakusanyaji pekee. Aliwahi hata kusimamia kiwanda cha fedha. Mwaka 1916 Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezingirwa, meli haziji na sarafu zimeadimika. Karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kuwa mahali pa kutengenezea fedha, na hela 20 zikapigwa kwa shaba na kwa mabaki ya chuma chochote cha njano kilichopatikana, yakiwemo maganda ya mizinga. Nyingi zilipigwa ovyo: taji limekaa upande, ukingo umepasuka, herufi nusu zimezama. Karakana hiyohiyo ilitoa pia rupia 15 za dhahabu, zenye tembo aliyesimama mbele ya milima, nzuri ajabu, ambazo leo huuzwa kwa maelfu ya dola. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora na kazi ikaishia hapo. Tembo wa dhahabu nawaachia wenye makabati. Mimi nikipewa kuchagua, nachukua ile hela yenye taji la mlevi, kwa maana ndani yake unaiona kabisa serikali iliyofilisika ikijitahidi kuonekana serikali.

Mlezi wetu ana elimu pia, ingawa haitangazi. Nenda Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye vibaraza vinavyouza vitu vya kale, na utaoneshwa riali ya fedha yenye mama mnene wa Kizungu, Maria Theresa, na mwaka 1780. Muuzaji atakuapia kwamba ilitengenezwa mwaka huo. Mtalii hutoa pochi. Mfuasi wa Ukata, kwa kuwa hatanunua hata mbingu zikishuka, anao muda wa kuuliza, na kabla ya hapo alikuwa na muda wa kusoma. Anajua kwamba sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa karne mbili baada ya bibi huyo kufariki, Vienna, Roma, London, Bombay, na zote zikaandikwa 1780 kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu hawakutaka nyingine. Mwenye fedha hununua kwanza, kisha hujua. Sisi tunajua kwanza, na hapo ndipo tunapoishia. Lakini tumejua. Zaidi ya hapo Ukata ni dalali mzuri: muuzaji hunitazama viatu kabla hajataja bei, na viatu vyangu huzungumza vizuri kuliko mimi.

Kuhusu usafi nitasema machache. Sarafu ya zamani haisuguliwi. Ule weusi unaoikinga ukiuondoa, umeondoa ngozi yake, na thamani yake imekwenda na maji. Matajiri wameharibu sarafu nyingi kwa dawa za kung'arishia zinazouzwa ghali. Mimi nimelindwa. Ndimu ya nyumbani ni ya supu, na aliyethubutu kuigusa kwa ajili ya mambo ya chuma alijibiwa na mwenye jiko.

Zipo pia sarafu ambazo Ukata amezitoa kabisa kwenye bajeti, nazo nazipenda kuliko zote. Masultani wa Kilwa walitengeneza vijisarafu vya shaba, bila mwaka wala sura ya mtu. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina! Ni sarafu iliyotungwa na mshairi. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota tano kati yake kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini ya mbali ya nchi yao, na hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Vitu hivi haviokotwi Kilwa Kisiwani na kutiwa mfukoni, kwa sababu sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inavilinda, na ni vizuri hivyo. Huku kwenye sheria tajiri na mimi tuko sawasawa: sote tunatazama kupitia kioo. Tofauti ni kwamba mimi nimeshazoea.

Sitaficha kwamba mlezi wetu ana mkono mrefu. Zile sarafu za kisasa ninazozitenga kwa sababu ni mpya na zinang'aa, huja kuzichukua mwenyewe mwezi ukifika tarehe mbovu, tena bila kubisha hodi. Na anafuata utaratibu wake. Porini, ninavyosikia, kifaru ndiye aliye hatarini zaidi. Kwenye kopo langu ni kinyume: nyati wa mia tano hutoweka kwanza, simba wa mia mbili hufuata, swala wa mia hujikaza siku moja mbili kisha hupanda daladala, na kifaru wa shilingi hamsini ndiye anayestawi, kwa kuwa peke yake hana anachoweza kununua. Rafiki yangu wa Nairobi ana masikitiko ya namna hiyohiyo. Tangu Desemba 2018, Kenya ilipotoa sarafu za wanyama kwa sababu katiba ya 2010 inakataza sura za watu kwenye fedha, ndovu wake wa shilingi ishirini hamalizi wiki. Mzee Kenyatta na Mzee Moi anao tele.

Na usalama je? Mwaka jana tuliibiwa. Mwizi aliingia kupitia dirisha la jikoni, akachukua redio, jagi la umeme na shuka lililokuwa limeanikwa, kisha akalikuta kopo. Inaonekana alikuwa mtu makini, kwani alilimwaga lote sakafuni na kuchambua. Alichukua nyati wote. Simba aliwachukua pia. Mfalme Edward alimwangalia, nadhani, kupitia lile tundu, akamtupa, na mfalme akabingirika hadi uvunguni. Polisi aliyekuja kuandika maelezo aliniuliza thamani ya mali iliyosalia. Nikaanza kumweleza habari za shavu la kushoto, akafunga daftari. Asubuhi nzima nilikuwa kifudifudi na tochi ya simu, nikiokota senti moja baada ya nyingine kutoka kwenye vumbi, na nyuma ya mguu wa kitanda, pamoja na kalamu na soksi ya mtoto, nikamkuta mbuni wa senti ishirini wa 1966, ambaye hakuwahi kuwa wangu na mpaka leo hakuna mtu nyumbani anayekiri kumfahamu.