Muulize Shangazi: Ninapiga Hodi, Najiitikia Mwenyewe

*Shangazi shikamoo. Nina mashine ya kukamua alizeti hapa Mtinko. Fundi kanitengenezea programu: kompyuta ya kwenye mzani inatuma kilo za kila gunia kwenye seva iliyoko Singida Mjini. Kwake tuliijaribu, ikakubali. Huku kwangu inafika kwenye seva, inapokewa vizuri, halafu inalalamika kwamba imekataliwa na 127.0.1.1. Nimenunua bando mara mbili na wakulima wamejaa hadi kwenye mashudu. Nimekosa nini? — Mwenye Mashine*

Marahaba, mwanangu. Bando acha, hela hiyo nunulia magunia. Namba zote zinazoanza na 127 ni za kompyuta kujiita yenyewe. Mzani wako haukukataliwa na Singida. Umepiga hodi mlangoni kwako mwenyewe, ukakuta hakuna mtu.

Programu za namna hii huongea mara mbili. Kwanza mzani unakwenda kwenye anwani uliyoiandika na kuuliza: huduma ya kupokea kilo iko wapi? Seva inautajia anwani, na mazungumzo yote baada ya hapo hufuata anwani hiyo, siyo ile yako. Taabu iko hapo. Seva haijui ninyi wa nje mnaiitaje. Ikiwa ni ya Ubuntu au Debian, hujitazama kwenye faili la /etc/hosts, ikakuta jina lake limeandikiwa 127.0.1.1, ikatoa hiyo. Ni sawa na mzee aliyeulizwa anakaa wapi akajibu, "Nyumbani." Hajadanganya, ila mgeni hafiki.

Kwa hiyo usiguse mzani. Dawa iko kwenye seva. Kama fundi ametumia Java RMI, aiwashe seva akitaja java.rmi.server.hostname, jina ambalo kompyuta ya Mtinko inaweza kulitafuta na kulipata. Kama ni Kafka, ugonjwa ni huohuo: listeners ni pale seva inapokaa kusikiliza, advertised.listeners ndiyo anwani inayowatangazia watu. Wengi hujaza ya kwanza wakasahau ya pili. Na asije akaandika 192.168 hivi na hivi. Hiyo ni ya ndani ya ofisi yake, kutoka Mtinko haifikiki.

*Shangazi, mimi ni karani wa duka la pembejeo. Nikifungua mfumo wetu, kivinjari kinasema cheti hakilingani na jina. Mtaalamu wetu anasema nibonyeze "endelea" tu. — Mtiifu*

Mtiifu, utii mwingine ni hasara. Bila shaka unaingia kwa namba za IP alizokuandikia kwenye karatasi, na cheti kimetolewa kwa jina. Ingia kwa jina lililomo kwenye cheti, onyo litaondoka. Likibaki, cheti kitolewe upya kikiwa na majina yote mnayotumia, tena kwenye orodha ya majina mbadala, maana Chrome iliacha kusoma ile sehemu ya zamani ya jina tangu toleo la 58, mwaka 2017. Cheti chenye nyota nacho hufunika ngazi moja tu ya jina, hakishuki hadi kwa wajukuu.

Huyo anayekwambia ubonyeze "endelea" ndiye huyohuyo anayezima ukaguzi wa jina ndani ya programu ili alale mapema. Ukaguzi ukizimwa, mtu yeyote mwenye cheti halali cha jina lake mwenyewe anaweza kukaa katikati na kujiita duka lenu, nawe ukampa nywila kwa heshima zote.

*Shangazi, unaniharibia soko. Mimi ndiye fundi wa ule mzani. Kwangu ilifanya kazi, mwenye mashine ni shahidi. — Fundi, Singida Mjini*

Ilifanya kazi kwa sababu mzani wa majaribio na seva vilikuwa ndani ya kompyuta moja, mwanangu. Hapo hata 127.0.1.1 ni anwani sahihi. Panda gari la asubuhi uende ujaribu kutokea Mtinko, na ukirudi nibebee mafuta lita tano.