Sifa za Barabara Iliyofungwa

Nimechoka kusikia barabara iliyofungwa ikitukanwa. Makonda wanaitukana, wafanyakazi wanaofika Mbagala saa nne usiku wanaitukana, hata watu wa dini ambao siku nyingine hutuhimiza subira wanaitukana. Hakuna aliyesimama kuitetea. Viwanja vinasifiwa, makocha wanasifiwa, nyasi zinasifiwa kana kwamba zimejipanda zenyewe. Lakini ile koni ya rangi ya chungwa iliyosimama katikati ya lami kutwa nzima, juani, bila posho wala maji ya kunywa, haina mtu wa kuisemea. Basi nasimama mimi, mkazi wa Chang'ombe, jirani wa Uwanja wa Benjamin Mkapa, niiseme kwa wema.

Kwanza nitaje hadhi yake. Barabara haifungwi ovyo hapa kwetu. Bomba la maji likipasuka mbele ya nyumba yako, litamwaga wiki nzima na barabara itabaki wazi. Mtakata matawi ya mwarobaini wenyewe na kuyasimika kwenye shimo ili bajaji zisitumbukie. Barabara kufungwa rasmi, na askari waliovaa fulana za kung'aa, kunataka jambo kubwa. Mwishoni mwa Januari 2025 Dar es Salaam ilipokea marais wa Afrika kwa mkutano wa nishati, barabara zikafungwa, watumishi wa umma wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Tukajua jiji limepanda daraja. Ikaja Agosti ya mwaka huo huo, tukapewa mashindano ya soka ya CHAN: timu 19, nchi tatu, siku 29, na mechi ya ufunguzi tarehe 2 hapo hapo kwa Mkapa. Wakubwa walipelekewa kadi za mwaliko. Sisi wa mtaani hatukuzihitaji, kwa sababu tulikuwa tumeshafungiwa ndani.

"Kwa Mkapa hatoki mtu" ni msemo unaowatisha wageni. Wanadhani unawahusu wao. Timu ngapi zimekuja zikacheza, zikaoga, zikapanda basi na kwenda zao uwanja wa ndege huku king'ora kikiwafungulia njia! Anayeshindwa kutoka ni mwenye nyumba, na hasa mwenye nyumba anayetaka kwenda dukani kununua vocha ya umeme.

Tazama sasa faida za kiafya. Jumatano ya tarehe 6 Agosti kulikuwa na mechi mbili: Burkina Faso na Jamhuri ya Afrika ya Kati saa kumi na moja jioni, kisha Taifa Stars na Mauritania saa mbili usiku. Aliyepanga ratiba hiyo alitufikiria sana. Saa kumi na moja ndiyo saa ya watu kutoka kazini na wanafunzi kurudi nyumbani, kwa hiyo kufuli moja lilitosha kwa wote. Daladala ikakwama, konda akatangaza kwa sauti ya mtu aliyekwishakata tamaa kwamba hapa ndiyo mwisho wa gari, na nauli hairudishwi. Watu wazima wenye vitambi, ambao daktari amewaambia miaka nenda rudi watembee nusu saa kila siku, wakashuka wakatembea kutoka TAZARA hadi majumbani kwao wakiwa na mabegi, ndoo, na mmoja na kuku wawili. Kampeni gani ya wizara imewahi kutembeza watu wengi hivyo kwa jioni moja? Na haikugharimu hata bango.

Barabara iliyofungwa inafundisha pia jiografia. Mtu amekaa Keko miaka ishirini akijua njia moja tu ya kwenda kwao. Siku ya mechi anagundua uchochoro unaopita nyuma ya gereji, ukakatiza ua wa watu wanaoanua nguo, ukatokea Maduka Mawili. Anapita akisema hodi na samahani, anajibiwa karibu, na keshokutwa wakikutana gengeni wanasalimiana kama ndugu. Nimesikia semina nyingi za ujirani mwema, na sijaona iliyofika hata robo ya pale.

Usawa nao usipuuzwe. Mbele ya kizuizi hakuna tajiri wala maskini: mwenye gari la milioni mia moja na mwenye mkokoteni wa madafu wanangoja pamoja, wanatoa jasho pamoja, wanaulizana kuna nini mbele. Kweli, kila baada ya muda kinatokea kimulimuli, koni zinasogezwa upesi, V8 nyeusi zinapita, na koni zinarudishwa mahali pake. Sitaki kulikuza jambo hilo. Kila sheria ina wapenzi wake.

Lakini waliofaidi kuliko wote ni watoto. Mitaa yetu haina tena kiwanja cha wazi. Kile tulichochezea sisi kimejengwa fremu za maduka, na kile cha pili kina ukuta na mlinzi. Mwaka mzima watoto wanapigia mpira wao wa makaratasi kati ya mtaro na pikipiki. Barabara ikifungwa, ghafla wanapata lami pana, nyororo, isiyo na gari, yenye taa. Wanaweka mawe mawili kuwa goli, wanajigawa, wanacheza mpaka askari awafukuze, na askari naye kwanza anatazama dakika kadhaa. Nchi ilitumia fedha nyingi ili michezo iinue vipaji, na nadhani hapo ndipo ilipofanikiwa, ingawa kwa bahati mbaya na kwa saa chache. Ningekuwa ofisa wa michezo wa wilaya, ningeomba barabara ifungwe kila Jumamosi, mechi iwepo isiwepo.

Uchumi? Umechangamka. Nauli ya bodaboda ilipanda mara tatu kati ya adhuhuri na magharibi bila mkutano wa bodi. Mwenye ua mpana alichora mistari ya chokaa akawa mwenye maegesho. Bibi mmoja mtaani kwetu alifungua choo chake kwa mashabiki kwa shilingi mia tano, maji yakiwamo, na kwa jioni moja alipata zaidi ya anachopata kwa wiki kwenye maandazi. Waliosikitika ni mama lishe na wauza mishikaki waliozoea kukaa karibu na mageti, wakaambiwa wasogee, kisha wasogee tena, mpaka wakajikuta wanamuuzia mtu asiyekwenda mpirani. Hilo si letu peke yetu. Afrika Kusini mwaka 2010 wachuuzi waliondolewa kuzunguka viwanja vya Kombe la Dunia ili soda ya mdhamini isione wivu. Biashara kubwa ina moyo mwepesi, haistahimili kuona sufuria ya mihogo.

Kuna anayeuliza: si mko karibu, kwa nini msiingie kutazama? Tunatazama, tena vizuri kuliko ninyi. Siku ile na Mauritania, mimi na wenzangu tulikuwa kwenye kibanda umiza, mwendo mfupi kutoka uwanjani, kwa kuwa ukishavuka vizuizi vyote kuingia nyumbani hutamani tena kuvivuka kwenda nje. Picha ya televisheni huchelewa sekunde kadhaa. Dakika zilikuwa zinakaribia tisini, hakuna goli, mpira kwenye skrini uko katikati ya uwanja, mara paa la bati likatetemeka kwa kelele za nje. Tukasimama tukakumbatiana. Kisha tukakaa tukamngoja Shomari Kapombe afunge goli ambalo tulikuwa tumeshalishangilia. Wapi duniani shabiki anapewa unabii bure namna hiyo?

Wanaolalamika hawajui wenzao walivyofanyiwa. Mwaka 2012, London ilipoandaa Olimpiki, jeshi liliweka makombora ya kutungulia ndege juu ya paa la ghorofa wanakoishi watu, kule Leytonstone. Wapangaji wakaenda Mahakama Kuu, wakashindwa. Sisi tumewekewa koni. Paris mwaka 2024, kabla ya sherehe ya ufunguzi iliyofanyika juu ya mto Seine, mkazi wa kando ya mto alitakiwa kuonyesha msimbo kwenye simu ndipo aruhusiwe kufika kwake, na tiketi moja ya treni ya chini ya ardhi ikapanda kutoka euro 2.15 hadi euro 4. Huku kwetu ukimwambia askari "naishi pale, nyumba yenye mwembe," ukataja na jina la mjumbe, mara nyingi anakupisha. Hatujafikia maendeleo ya Paris, na tusiharakishwe.

Ama Rio de Janeiro, hapo utani unanikauka kidogo. Kando ya bustani ya Olimpiki ya 2016 palikuwa na mtaa wa Vila Autódromo wenye familia zipatazo 600. Mashindano yalipofika zilikuwa zimebaki 20, katika vijumba vipya vyeupe vilivyojengwa baada ya mabishano ya miaka. Nyingine zote zilikuwa zimehamishwa, zilizotaka na zisizotaka. Ndiyo sababu naiheshimu barabara iliyofungwa kwa dhati, nje ya mzaha. Katika yote ambayo mashindano makubwa yanaweza kumfanyia mtu wa mtaani, hili ndilo linaloisha. Alfajiri koni zinabebwa, daladala zinaanza kupiga honi, na nyumba yako bado ipo.

Na kama unadhani wanyonge tu ndio hupisha, waulize Simba. Fainali yao ya marudiano ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane, tarehe 25 Mei 2025, haikuchezwa kwa Mkapa. Uwanja haukuwa tayari, wakavushwa bahari hadi Amaan, Zanzibar. Klabu yenye mashabiki mamilioni iliambiwa izunguke njia nyingine kama mimi ninavyoambiwa pale Veta. Nilijisikia mwenzao, na mimi si wa Simba.

Watani zetu wa Nairobi nao wamepitia dhuluma. CHAN ya 2018 ilikuwa yao, ikachukuliwa ikapelekwa Morocco kwa sababu viwanja vilichelewa, na watu wa Kasarani wakabaki mwezi mzima na barabara zilizo wazi, maskini. Mwaka 2025 wamefidiwa. Mashabiki wao walifurika mageti mpaka CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikawapunguzia idadi ya watu wa kuingia, na Thika Road ikajua kwamba kweli kuna ugeni.

Adui zangu wana hoja moja wanayoitoa mwisho, wakidhani nitanyamaza: na mgonjwa je? Jirani yetu mmoja alishikwa na uchungu jioni ya mechi. Bajaji ikafika kwenye kizuizi, askari kijana akauliza pasi. Mama mkwe akatoa kichwa nje akamwambia, "Afande, pasi yetu ina miezi tisa, isome mwenyewe." Kijana akaangalia ndani ya bajaji, akaangalia redio yake ya mkononi, akapiga simu kwa mkubwa wake, mkubwa akapiga kwa mkubwa mwingine. Wakapita. Mtoto alizaliwa salama, hospitali, si barabarani. Nakiri kwamba katika dakika zile za kungoja nilitafuta sifa ya kuipa barabara iliyofungwa, na sikuipata. Niliisogeza koni kwa mikono yangu.

Tarehe 22 Agosti Morocco ikatutoa robo fainali, 1–0, na baadaye ikaenda kutwaa kombe Kasarani. Usiku ule barabara yetu ilifunguliwa mapema kuliko siku zote, maana hakukuwa na aliyebaki kushangilia. Tukadhani yamekwisha. Tarehe 26 ikafungwa tena, safari hii kwa ajili ya nusu fainali ya Madagascar na Sudan. Hapo nikaiona adabu yake yote: haibagui, hufungwa kwa ajili ya timu yako na hufungwa vilevile kwa ajili ya timu ya mtu mwingine.

Sasa AFCON ya 2027 tumepewa tena, sisi, Kenya na Uganda, na safari hii ni timu 24. Arusha wanajengewa uwanja wa watu 30,000, Nairobi wanaongeza mwingine Ngong Road, Uganda wamekwenda hadi Hoima. Ndugu zangu wa huko, karibuni katika chama. Mtaambiwa kuhusu watalii, hoteli na jina la nchi kung'aa, na mengine yatakuwa kweli. Muulizeni tu mjumbe wenu ratiba ya kufunga barabara, kwa sababu yeye naye hatakuwa ameambiwa.

Kwa wenye kamati nina ombi dogo, lisilo la kejeli. Bandikeni tarehe na saa za kufunga kwenye ofisi za serikali za mitaa angalau wiki moja kabla, acheni mlango mmoja wa wagonjwa usiohitaji simu tatu, na mama lishe mpeni mahali pa kukaa panapopita watu. Hayo hayataki mkandarasi kutoka nje.

Na wewe msomaji, kama una harusi, kitchen party, au kabati la milango mitatu la kuhamishia Chang'ombe, lihamishe kabla mashindano hayajaanza.